Sauti Imefika, Jibu Liko Wapi?



Siku hizi mwananchi mwenye simu anaweza kuifikishia serikali kero yake bila kutoka nyumbani. Anabonyeza *152*00#, au anafungua mfumo wa e-Mrejesho kwenye simu janja, anachagua taasisi, anaandika malalamiko, ulizo, pendekezo au pongezi, kisha anatuma. Mfumo huo umejengwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na sisi tunaupongeza. Mama wa Samunge hana tena ulazima wa kutafuta nauli ya kwenda Loliondo kwa ajili ya neno moja la kumwambia ofisa.

Hata hivyo, sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa kuuliza swali moja kabla ya kusifu chombo chochote: chombo hiki ni kwa ajili ya nini? Jembe ni kwa ajili ya kulima. Simu ya kupeleka kero serikalini ni kwa ajili ya nini? Kama ni kwa ajili ya kupokea sauti tu, basi kazi imeshafanyika. Kama ni kwa ajili ya kuwafanya wananchi na serikali yao waongoze pamoja, kazi bado mbichi.

Maoni yetu ni haya: simu na intaneti zitaifanya serikali ishirikiane na wananchi pale tu jibu litakaporudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likasomwa mbele ya wote, na ikajulikana ni nani mwenye kuwajibika. Bila hilo tutakuwa na masanduku ya maoni mengi zaidi, yenye kasi zaidi, na wananchi waliochoka zaidi.

Tulikotoka

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 2007 serikali ilianzisha Tovuti ya Wananchi ili watu watume maoni na malalamiko yao moja kwa moja. Mwaka 2011 Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, umoja wa nchi zinazoahidi kuweka taarifa wazi na kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwaka 2017 nchi yetu ikajitoa katika mpango ule wa uwazi. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, na huduma nyingi zikahamia kwenye simu: malipo, vibali, vyeti, na baadaye kero.

Juzi tu tumeona jambo kubwa zaidi. Wakati wa kuandaa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Julai 2025, watu zaidi ya milioni moja walitoa maoni yao. Wengine walisema mikutanoni, wengine kwenye tovuti, na wengi kwa ujumbe mfupi wa simu. Kijana aliyeko machungani aliweza kuandika mistari miwili kuhusu Tanzania anayoitamani. Hilo ni jema, na asiyeliona ana upofu wa kujitakia.

Lakini tujiulize: kijana yule alijuaje kama neno lake lilipokelewa, likapimwa, likakubaliwa au likakataliwa kwa sababu fulani? Kati ya mtu mmoja mwenye simu na kitabu kizima cha Dira kuna umbali mrefu, na hakuna aliyemrudishia habari njiani. Alisikilizwa kama tone ndani ya takwimu, naye hakupata mtu wa kuzungumza naye.

Ndiyo maana tunalipenda neno lenyewe, mrejesho. Linatokana na kurejesha. Kero inayopanda kwenda ofisini haijawa mrejesho bado. Mrejesho ni kile kinachorudi.

Kusikilizwa na kushirikishwa

Kuna ngazi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kujulishwa: serikali inatuambia imeamua nini. Ya pili ni kusikilizwa: tunasema, nayo inapokea. Ya tatu ni kushiriki katika kuamua: tunasema, nayo inajibu, tunajadili jibu, na uamuzi unabeba alama ya mazungumzo hayo. Mifumo mingi ya simu imekaa kwenye ngazi ya pili, ilhali matangazo yake yanatumia maneno ya ngazi ya tatu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya mafao ya wengi, linalotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na lililotangazwa. Tunaomba msomaji aliangalie sharti la mwisho. Agizo lisilowafikia watu halijakamilika kuwa sheria kwao. Na mahali pengine katika kitabu hichohicho anasema utawala ulio bora ni ule ambao wote wana sehemu ndani yake, kwa maana hiyo ndiyo inayoleta amani na kuwafanya watu waupende na kuulinda.

Mwaka 1931 Papa Pio XI, katika waraka wake wa Quadragesimo Anno, alieleza kile tunachokiita kanuni ya auni: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya yenyewe, jumuiya kubwa isikinyang'anye, badala yake iisaidie. Nchini kwetu jumuiya ndogo ya kiserikali ina jina na sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwake.

Tukumbuke pia jinsi sheria hiyo ilivyozaliwa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani. Miaka kumi baadaye zikarudishwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuzivunja kulikuwa kosa. Nchi imeshaonja, basi, namna wananchi wanavyolegea pale maamuzi yanapohamia mbali nao, hata kama anayeamua ana nia njema. Tusije tukayahamisha tena kwa njia ya simu.

Ujumbe 53

Twende sasa kwenye mfano ulio wazi kabisa, uliotokea hapahapa nchini. Mwaka 2010 shirika la Daraja, lililokuwa na makao yake Njombe, lilianzisha mpango ulioitwa Maji Matone. Wazo lake lilikuwa zuri: mwananchi akiona bomba limeharibika, anatuma ujumbe mfupi, ujumbe unapelekwa kwa idara ya maji ya wilaya, vyombo vya habari vinafuatilia kama bomba limetengenezwa. Daraja walitarajia kupata ujumbe 3,000 katika majaribio ya miezi sita. Walipata 53.

Jambo la kuheshimika ni kwamba Daraja hawakuficha. Walitangaza wenyewe kwamba mpango umeshindwa, wakaeleza sababu. Wanaoteka maji ni wanawake na watoto, ilhali simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Mahali penye bomba mara nyingi hapana mtandao. Watu wanaogopa kuonekana wanamshtaki kiongozi. Na sababu nzito kuliko zote: watu hawakuamini kwamba ujumbe utaleta fundi. Wamekaa miaka na bomba bovu, wamesema, hakuna aliyekuja. Kwa nini wapoteze salio?

Sisi tunaifahamu hali hiyo kwa macho yetu. Tumewahi kushuhudia vijana wakituma kero ya maji kwa ofisi moja ya umma. Wakapewa namba ya kumbukumbu. Namba hiyo wakaitunza kwenye simu wiki baada ya wiki, na ikabaki kuwa jibu pekee walilopata. Mara ya pili walipoombwa na wenzao watume tena, walicheka. Kicheko hicho ndicho tunachokiogopa. Kila ujumbe usiojibiwa unamfundisha mtu kunyamaza, na aliyefundishwa kunyamaza na simu atanyamaza hata mkutanoni.

Kuna mfano mwingine ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Kivu ya Kusini, Kongo. Huko, kuanzia mwaka 2010 hivi, serikali ya jimbo kwa msaada wa Benki ya Dunia ilitumia simu katika kupanga bajeti za mitaa. Simu haikuchukua nafasi ya mkutano. Iliwaita watu mkutanoni. Ujumbe mfupi uliwajulisha wakazi siku na mahali pa kukutana, uliwawezesha kueleza wanataka nini kitangulie, kisha ukawatangazia kilichoamuliwa na fedha zimekwenda wapi. Hapo simu ilikwenda na kurudi, na katikati yake kulikuwa na watu waliokaa pamoja.

Linganisheni mifano hiyo miwili. Njombe mtu mmoja mmoja aliiandikia wilaya. Kivu jumuiya iliitwa, ikakaa, ikapata jibu. Simu zilikuwa zilezile.

Samunge na neno lake

Sasa turudi nyumbani, tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro. Samunge ilijulikana dunia nzima mwaka 2011, pale Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Habari ziliruka kutoka simu hadi simu, kutoka gazeti hadi gazeti, na maelfu ya magari yakapanga foleni kutoka Tanzania yote, Kenya na kwingineko. Mchungaji huyo alifariki Julai 2021. Hatuandiki ili kuhukumu kikombe chake. Tunasema tu kwamba Samunge ilishaonyesha jinsi habari inavyoweza kukusanya umati kwa majuma machache. Kile ambacho kikombe hakikutuachia ni njia ya neno la kijiji kwenda Dodoma na kurudi likiwa na jibu.

Na neno hilo lipo. Batemi ni wakulima wa mifereji tangu zamani. Maji ya chemchemi yaligawanywa kwa zamu, chini ya baraza la wazee wanaoitwa wenamiji. Mwanazuoni Robert Gray aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Hatupambi mambo: kiti cha baraza hilo kilikuwa cha kurithi, na si kila mtu alikuwa na sauti sawa. Lakini kuna jambo la kujifunza. Aliyepanga zamu alikuwa mtu wa hapohapo. Maji yasipofika shambani, ulijua umwendee nani, naye hakuweza kukwambia kwamba suala lako linashughulikiwa huku akijua mtakutana mferejini kesho.

Leo maji ya bomba vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019, na barabara nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA. Wakala hizi zina wataalamu na fedha ambazo kijiji hakina, hatutaki zivunjwe. Lakini hazijaundwa na mkutano wa kijiji, na mkutano wa kijiji hauwezi kumwita meneja wake kama unavyomwita mwenyekiti. Mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa na watu, anaulizwa kila mkutano kuhusu pampu isiyo yake. Anajibu kwa kukisia. Baada ya mikutano mitatu ya kukisia, watu wanaacha kuja.

Hapa ndipo simu ingeokoa. Badala yake, tunachokiona ni kila mtu na simu yake, kila kero na namba yake. Kijana mwenye bando anaandika kwa niaba ya wote bila kutumwa na yeyote. Bibi anayezungumza Kitemi tu hayumo. Mama mwenye simu ya kitochi inayochajiwa dukani hayumo. Ofisi ikisoma kero 10 kutoka Samunge itadhani imekisikia kijiji, kumbe imewasikia vijana wawili. Aristotle aliona zamani kwamba watu wengi wakikaa pamoja wanaweza kuamua vizuri kuliko bingwa mmoja, kama vile karamu iliyochangiwa na wengi inavyoipita ile ya mtu mmoja. Lakini chakula lazima kiwekwe kwenye meza moja. Kila mtu akila kwake na sahani yake, hiyo si karamu.

Pale watu wasipoulizwa kwanza

Mtu anaweza kusema kwamba tunakuza mambo, kwamba serikali ikiamua vizuri haidhuru imeamulia wapi. Tuangalie jirani zetu wa tarafa ya Ngorongoro. Agosti 2024 Tangazo la Serikali namba 673 lilifuta vijiji vyao katika orodha ya utawala, pamoja na kata na vitongoji vyake, wakati uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia. Watu walitoka kwa maelfu wakasimama barabarani. Mwezi huohuo Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo. Desemba mosi mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akakaa Arusha na wawakilishi wa jamii ya Wamasai, na zikatangazwa tume mbili za kuchunguza masuala ya ardhi na ya kuhama.

Tunashukuru kwamba mwishowe watu walikaa na kuzungumza. Lakini oneni mpangilio wake: tangazo, barabara, mahakama, kisha mazungumzo. Mazungumzo yaliyokuja mwisho ndiyo yaliyopaswa kutangulia, na yangegharimu kidogo zaidi. Hakuna kijiji kinachopaswa kujua kwenye gazeti la serikali kwamba hakipo tena.

Tuliseme pia hili kwa heshima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Hatuingii katika siasa za vyama. Tunasema tu kama wanafunzi wa maadili: anayekualika useme naye kwa njia fulani anakuahidi kwamba njia hiyo itakuwa wazi hata siku ambayo maneno yako hayampendezi. Imani ya wananchi kwa mifumo ya mtandao inajengwa polepole kwa majibu, na inabomolewa haraka kwa ukimya. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka mkutano wa kijiji ubaki kuwa msingi na simu iwe msaidizi. Mtandao ukikatika, mti wa mkutano bado uko palepale.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza: mikutano ya vijiji nayo ina kasoro. Wanaozungumza ni walewale, wanawake wanakaa pembeni, na kuna kiongozi anayemaliza mkutano kabla ya maswali. Ni kweli. Tena kuna kero ambazo mtu hawezi kuzisema hadharani, kama rushwa ya kiongozi anayeketi mbele yake. Kwa mambo hayo lazima ibaki njia ya siri. TAKUKURU wana namba ya bure, 113, na iendelee kuwepo. Lakini pampu, zahanati, daraja na madawati si siri ya mtu. Ni mambo ya wote, na mambo ya wote yanapona yakizungumzwa na wote. Mkutano wenye kasoro unatengenezwa kwa kupewa kitu cha maana cha kujadili. Watu wanakimbia mkutano usio na majibu. Wakijua kuna barua ya RUWASA itakayosomwa saa nne asubuhi, watakuja.

Pingamizi la pili: serikali haiwezi kumtii kila mtu, lazima mtu aamue. Nalo ni kweli, na Kanisa linalijua. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anamtaka abati aite jumuiya nzima kila penye jambo kubwa, aeleze jambo lenyewe, asikilize wote, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Kisha abati ndiye anaamua. Tunachokiomba si kila ombi likubaliwe. "Hapana, mwaka huu fedha zimekwenda Digodigo, zamu yenu ni mwaka ujao" ni jibu kamili. Kijiji kinaweza kuishi na jibu hilo, kulipangia, hata kulipinga. Kisichovumilika ni ukimya.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kinatupa mfano tunaoupenda kuliko yote. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Kulikuwa na manung'uniko. Kwa lugha ya leo, kero. Wale Kumi na Wawili hawakuyanyamazisha na hawakuyatolea namba ya kumbukumbu. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakaeleza tatizo, wakawaambia wachague watu saba. Watu wakachagua, na Maandiko yanatutajia majina ya wote saba, kuanzia Stefano na Filipo. Yote saba ni majina ya Kigiriki. Tazameni hatua zake: kero, mkutano, uamuzi, majina. Mgawo wa chakula ulihitaji hatua hizo. Na mgawo wa maji pia.

Tunachopendekeza

Kwanza, mfumo wa kero uwe na mlango wa kijiji. Pamoja na mtu binafsi, mkutano mkuu wa kijiji uweze kutuma kero kama kijiji, ikiwa na muhtasari na idadi ya waliohudhuria, wanaume na wanawake. Kero yenye nyuma yake watu 200 waliokaa na kukubaliana isiwe na uzito sawa na mstari mmoja wa mtu mmoja.

Pili, jibu liwe na tarehe ya mwisho, cheo cha mwenye kujibu, na lisomwe mkutanoni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeshaweka siku 30 za kumjibu mwombaji wa taarifa. Kero ya kijiji isipewe heshima pungufu. Mtendaji wa kijiji alibandike jibu kwenye ubao wa matangazo. Mkutano unaofuata uanze na ajenda moja: yale tuliyotuma, yaliyojibiwa na yasiyojibiwa.

Tatu, taarifa zitangulie maswali. Bajeti ya kata, fedha zilizopokelewa na shule, ratiba ya matengenezo ya barabara, vyote vifike kijijini kwa Kiswahili chepesi kabla ya mkutano. Mtu asiyejua kuna shilingi ngapi atabaki kulalamika, kwa sababu kupanga hawezi.

Nne, sisi wenyewe. Waseminari, walimu, makatekista na vijana wa parokia tunaorudi nyumbani wakati wa likizo tunajua kusoma lugha ya ofisi. Tuketi na wazee na akina mama kabla ya mkutano, tuwasomee barua, tuwatafsirie kwa Kitemi au Kimaasai, tuandike muhtasari ulio safi. Tusiwe wasemaji wao. Tuwe makarani wao. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimetufundisha tayari namna ya kukaa duara, kusoma pamoja na kumpa kila mmoja nafasi ya kusema. Ujuzi huo usibaki kwenye sala za jioni peke yake.

Na parokia zetu zianze. Katika safari ya Sinodi iliyofunguliwa na Baba Mtakatifu Fransisko Oktoba 2021, waamini walialikwa kusema kwa uhuru, na hati ya mwisho ya mwaka 2024 inasisitiza uwazi na uwajibikaji ndani ya Kanisa lenyewe. Tuulizane kwa upendo: majibu ya maswali yale yalirudi kwenye jumuiya zetu? Hesabu za ujenzi wa kigango zinasomwa? Tutakapodai jibu kutoka kwa meneja wa wakala, itafaa tuwe tumeshazoea kujibu sisi kwa sisi.

Mwenyekiti wa kijiji anaweza kulianza hili bila kusubiri mfumo mpya wala fedha kutoka kokote. Katika mkutano wa robo mwaka ujao, asome orodha ya kero zote zilizotumwa kutoka kijijini kwa simu, tarehe zake na namba zake. Mbele ya kila namba aandike neno moja: limejibiwa, au halijajibiwa. Orodha hiyo, ikiwa na sahihi za wajumbe, iende kwa diwani na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nasi tutakuwepo likizo, kalamu tunayo, na tuko tayari kuiandika.